Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Redioni



Juma lililopita, kila ilipotimu jioni, soko la makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, lilijaa sauti ya Kiswahili. Mmoja alikuwa na redio ya betri, mwingine simu ya mkononi. Wote walitaka habari za Kivu. Wengine husikiliza Redio Okapi, iliyoanza huko Kongo tarehe 25 Februari, 2002. Wazee huishikilia Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957.

Wenyeji wa Mbarara hawakukipokea Kiswahili kwa njia hiyo. Kwao kilitoka kambini. Kilikuwa lugha ya K.A.R., kisha lugha ya jeshi la Uganda huru, na raia alikisikia zaidi penye kizuizi cha barabarani. Mwezi Julai, 1971, Wamarekani wawili, Nicholas Stroh, mwandishi wa habari, na Robert Siedle, mwalimu wa Makerere, walifika Mbarara kuchunguza habari za mauaji ya askari Waacholi na Walango katika kambi ya Simba. Hawakurudi. Uchunguzi wa Jaji David Jeffreys Jones ulionyesha kwamba waliuawa na wanajeshi wa kikosi hicho hicho. Nasi watu wa redio hatuna budi kuitaja kambi hiyo kila tusemapo habari za Mbarara, kwani Stroh alikufa akifanya kazi yetu.

Mwaka 1973 Idi Amin aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Amri hiyo haikuondoa hofu. Kwa maoni yetu iliikuza, maana lugha ilizidi kufanana na bunduki. Hata baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, wazazi wengi hawakupenda watoto wao wajifunze. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 tu.

Sasa turudi Nakivale. Jioni moja polisi wa zamu alisimama mbele ya kibanda cha mama mmoja Mkongomani, taarifa ya habari ikiendelea. Wauzaji wa jirani walinyamaza. Polisi akauliza maana ya neno moja la Kiswahili cha Kongo ambalo hakulijua. Mama akamweleza, akamsogezea kigoda, wakasikiliza mpaka mwisho.