Krediti: Kipimo Kilichozaliwa na Pensheni

Mwanafunzi anayetaka kujiandikisha katika kozi ya Kiswahili aghalabu huuliza kwanza ina krediti ngapi. Ni wachache wanaojua kipimo hiki kimetoka wapi, na wengi huponzwa nacho.

Zamani Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliwalazimisha wanafunzi kusoma masomo yale yale, yakiwemo Kilatini, Kigiriki na hisabati. Charles W. Eliot, aliyekiongoza kuanzia 1869 hadi 1909, alipunguza masomo ya lazima na kupanua yale ya hiari. Uhuru huo ulizua swali: ikiwa kila mmoja amechagua njia yake, itajulikanaje nani amehitimu? Ilibidi kozi zihesabiwe.

Kipimo kilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kwa ajili ya pensheni za walimu wa vyuo. Wasimamizi wa fedha hizo walihitaji kupambanua chuo na shule ya sekondari. Wakaweka sharti kwamba chuo kidai yuniti 14 za sekondari kabla ya kumpokea mwanafunzi, na yuniti moja ikawa saa 120 za somo moja kwa mwaka. Vyuo vilivyotaka pensheni vikatii, na hesabu ya saa ikaenea hadi ndani ya vyuo vyenyewe. Hivyo kilichopimwa ni muda wa kusoma, si umahiri.

Kwetu mambo yalianza vingine. Makerere, iliyofungamana na Chuo Kikuu cha London tangu 1949, ilirithi mtindo wa Kiingereza uliotegemea sana mitihani ya mwisho. Krediti zilikuja baadaye. Mfumo wa sifa wa elimu ya juu wa Afrika Mashariki wa mwaka 2015 unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, ndani na nje ya darasa. Katika mfumo wa ECTS wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30. Krediti 3 za huku, basi, ni saa 30. Za kule ni 75 au zaidi. Anayehama chuo akiwa na tarakimu tupu hana budi kueleza ni saa ngapi.

Gredi nazo zina historia. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Brown kiliwaruhusu wanafunzi kuchagua ama gredi za herufi ama "amefaulu" tu, ili wathubutu kusoma masomo mageni bila hofu. Kwa anayeonja Kiswahili, hiari hiyo inafaa. Kwa anayekusudia kukifundisha, "amefaulu" haisemi ni kwa kiasi gani.

Walimu wenzangu, tuandike katika muhtasari wa kozi saa zake pamoja na yale mwanafunzi atakayoweza kuyafanya. Nanyi wanafunzi, kabla ya kutia sahihi fomu, ulizeni krediti hiyo ni saa ngapi na gredi yake itasomwa na nani. Saa peke yake haionyeshi kama mtu amemudu upatanisho wa ngeli.