Arusha na Maji ya Mlima Meru

Jiji la Arusha limekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, katika mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mlima wenyewe una mita 4,562, na katika Tanzania unazidiwa na Kilimanjaro peke yake. Hapa hapapiti mto mkubwa. Vilivyopo ni vijito: Themi, Naura, Goliondoi, Burka, Kijenge, Ngarenaro. Vingi vinavukwa kwa daraja fupi, na mgeni aliye ndani ya daladala hatambui kwamba amevuka maji. Hata hivyo, bila vijito hivyo mji usingekuwepo mahali hapo, na sehemu kubwa ya historia ya eneo hili ni historia ya nani anayateka maji hayo na nani anaimiliki ardhi inayopakana nayo.

Majina ya mahali yanaeleza jambo hilo kabla ya vitabu. Katika Kimaasai, neno la maji ni engare. Kata ya Ngarenaro, mkabala na katikati ya jiji, imebeba maana ya maji meusi. Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ni maji mekundu. Kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi kuna Usa River, na jirani yake Maji ya Chai, jina la Kiswahili lisilohitaji ufafanuzi kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye daraja la pale na kuona rangi ya mto.

Meru ni volkano. Miaka ipatayo 7,800 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na udongo na mawe vikasambaa hadi uwanda ulio kati yake na Kilimanjaro. Ndiyo sababu mlima ukitazamwa kutoka Momella unaonekana kama bakuli lililovunjwa upande mmoja, na ndani yake kumechomoza kilima cha majivu. Maziwa ya Momella yalijikusanya katika mashimo yaliyoachwa na maporomoko hayo. Mlipuko wa mwisho, ambao ulikuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910. Majivu ya zamani yaliufanya udongo wa miteremko ya kusini na mashariki kuwa na rutuba nyingi, na pepo zitokazo Bahari ya Hindi huimwagia miteremko hiyo mvua, huku upande wa kaskazini ukibaki mkavu.

Volkano hiyo iliyoleta rutuba iliyapa maji madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini chemchemi na vijito kadhaa vinavyozunguka Meru hupita kiwango hicho mara nyingi. Athari yake inaonekana wazi: meno yenye madoa ya kahawia kwa watu waliokulia hapo, na kwa baadhi yao, mifupa iliyopinda tangu utotoni. Magadi yanayotumika kulainisha maharage huongeza madini hayo kwenye chakula. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa chengachenga za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia rahisi inayowezekana hata nyumbani. Ni haki kusema kwamba tatizo hili limepewa uzito mdogo kuliko linavyostahili, kwa kuwa haliui ghafla.

Watu wa kwanza kulima kwa wingi kwenye miteremko hiyo walikuwa Wameru, ambao lugha yao ni ndugu ya Kichagga. Walishika upande wa mashariki, wakapanda migomba. Waarusha walifika baadaye, mnamo miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro. Wao walizungumza Kimaasai na kufuata marika ya Kimaasai, lakini walikuwa wakulima; wakashika upande wa magharibi. Jamii zote mbili zilichimba mifereji ya kuelekeza maji ya vijito mashambani, kwa zamu na kwa usimamizi wa wazee. Mfereji ulihitaji kusafishwa kila mwaka, na asiyeshiriki kazi hakuwa na zamu ya maji. Mahindi, maharage na ndizi za mlimani zilibadilishwa kwa mifugo na maziwa ya Wamaasai wa nyikani. Loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando kinachopendwa hadi leo Arusha, ni tunda la biashara hiyo: punje zimetoka kwa mkulima, maziwa kwa mfugaji.

Utawala wa Wajerumani uliingia kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, katika nchi ya Wameru, wakiwa na nia ya kuanzisha kituo. Wenyeji waliwaona kuwa kitu kimoja na askari wa Kijerumani waliokuwa Moshi, na usiku morani wakawavamia na kuwaua. Kapteni Kurt Johannes akaja na jeshi lake pamoja na wapiganaji wa Kichagga. Vijiji vilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Wameru na wa Waarusha.

Katika miaka hiyohiyo, 1899 na 1900, lilijengwa boma la kijeshi ambalo ndilo kiini cha mji. Wenyeji walilazimishwa kulijenga. Kuta zake nene zilizopakwa chokaa bado zimesimama mwisho wa Barabara ya Boma, na leo ni makumbusho ya taifa ya elimu viumbe. Kulizunguka boma yalichipuka maduka ya Wahindi na nyumba za Waswahili waliofuata misafara. Wamisionari walirudi pia: Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na kutoka vituo hivyo viwili Ulutheri ulienea hadi ukawa dini ya watu wengi mlimani.

Baada ya boma ikafuata ardhi. Walowezi wa Kijerumani, na Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, waligawiwa mashamba chini ya maeneo ya wenyeji na upande wa kaskazini. Wameru na Waarusha wakajikuta juu yao kuna msitu wa hifadhi na chini yao kuna mkanda wa mashamba ya wageni. Waingereza walioiteka Arusha mwaka 1916 waliwaondoa Wajerumani, lakini baadaye mashamba mengi yaliuzwa kwa walowezi wengine badala ya kurudishwa. Reli kutoka Moshi ilipofika Arusha mwaka 1929, kahawa ikapata njia ya bandarini na ardhi ikazidi kuwa ghali. Mji nao uligawanywa kwa rangi: Uzunguni kwa Wazungu, katikati maduka ya Waasia, na Waafrika Kaloleni na Ngarenaro, vijito vikisaidia kuchora mipaka.

Vita Kuu ya Pili ilileta wageni wa aina nyingine. Kuanzia mwaka 1942 Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa Urusi kwa nguvu kisha wakapitia Uajemi, walipewa makazi Tengeru, karibu na ziwa Duluti lililo ndani ya shimo la volkano. Walikaa karibu miaka kumi. Makaburi yao bado yanatunzwa huko.

Tukio lililolitoa eneo hili kwenye ramani ya wilaya na kuliweka mbele ya dunia lilitokea Ngare Nanyuki. Ripoti ya Jaji Mark Wilson, iliyotolewa mwaka 1947, ilipendekeza ardhi ya eneo hilo iwe ya Wazungu moja kwa moja, ili wafuge ng'ombe wa kisasa. Wameru walikuwa wamekwisha kununua tena mashamba mawili huko kwa fedha zao, na walikuwa na nyumba, mifereji na makanisa. Walikataa kuhama. Tarehe 17 Novemba 1951 polisi walianza kuwatoa. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa, na waliopewa nafasi Kingori, penye joto na maji haba, wengi wao walikataa kwenda.

Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha na kumtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kirilo ndiye Mtanganyika wa kwanza kusimama mwenyewe mbele ya Baraza la Udhamini, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere. Azimio la kuwaunga mkono lilishindwa kupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, kwa hiyo kisheria Wameru walishindwa. Kisiasa walikuwa wameshinda. Kirilo aliporudi, habari ya Ngare Nanyuki ilisimuliwa Tanganyika nzima, na TANU ilipoundwa Julai 1954 ilikuta watu wengi wameshajua kwamba serikali ya kikoloni inaweza kushtakiwa hadharani.

Baada ya uhuru Arusha ikawa mahali pa kukutania. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapo kupitisha Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari. Mwaka huohuo mji ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Mkataba wa jumuiya ya sasa ulitiwa saini hapohapo tarehe 30 Novemba 1999. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifanya kazi Arusha hadi mwisho wa mwaka 2015, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 jijini. Ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Maji ya kunywa sasa hayategemei chemchemi za jirani tu, bali pia visima virefu vya mradi wa shilingi bilioni 520, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vijito vyenyewe ndivyo vilivyosahaulika. Mchicha na sukuma wiki hulimwa hadi ukingoni, taka za majumbani na karakana huishia majini, na makorongo yaliyobanwa na nyumba hufurika mvua za masika. Aprili 2024 basi la wanafunzi lilisombwa na maji jijini, na watoto wakafa.

Themi hauishii Arusha. Unateremka kuingia Kikuletwa, unafika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji yake yanaitwa Pangani mpaka baharini. Wavuvi wa Nyumba ya Mungu na wakulima wa mabondeni hupokea kile ambacho jiji limekitupa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye kingo za Themi na Naura katikati ya jiji, mita hizo 60 zipo kwenye maandishi tu, na wajibu wa kuzirudisha ni wa halmashauri ya jiji na wa kila mwenye kiwanja kinachopakana na maji.