Kurasa Zilizochakaa

Katika mafunzo ya ngazi ya kati ya programu za kuchambua data za ukaguzi, jaribio lililonivutia zaidi ni la tarakimu ya kwanza. Programu inapitia malipo yote na kuhesabu mangapi yanaanza na 1, mangapi na 2, hadi 9. Nilipofuatilia asili yake, nilikuta halikuanzia kwa wakaguzi wala kwenye kompyuta.

Mwaka 1881, Simon Newcomb, mwanaastronomia wa Marekani, aliona kwamba vitabu vya majedwali ya logi huchakaa zaidi kurasa za mwanzo. Watu walitafuta mara nyingi zaidi namba zinazoanza na 1. Mwaka 1938, mwanafizikia Frank Benford alikusanya namba 20,229, zikiwemo za mito na idadi ya watu. Tarakimu 1 iliongoza kwa takriban asilimia 30. 9 haikufika asilimia 5. Miaka ya 1990, Mark Nigrini akaipeleka kanuni hiyo kwenye hesabu za kodi.

Anayebuni risiti hana habari na mpangilio huo. Kikomo chake cha kuidhinisha kikiwa shilingi milioni 5, malipo yanayoanza na 4 yatajazana.

Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Ada ya kiwango kimoja huvuruga kanuni hii bila mtu kuiba hata senti. Ndiyo maana naamini grafu ikishatoka, kazi ndiyo inaanza: kufungua jalada, kushika risiti na kumsikiliza mhasibu kabla jina lake halijaandikwa kwenye ripoti.