Dengelua: Kinywaji kilichogombanisha Upare

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, deni la maji la miaka mingi lilianza kulipwa. Maji yanavutwa kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, na kusukumwa hadi kwenye miji ambayo kwa vizazi viwili imekuwa ikilitazama bwawa hilo kwa mbali. Habari za siku zile zilijaa mabomba, matenki na mabilioni ya shilingi. Sikuona mahali palipoulizwa watu wa milima ya Upare walikuwa wakinywa nini siku zote hizo.

Anayepita Same kwa basi la Arusha anaona katani, vumbi na miiba, akadhani Upare wote ni ukame. Sivyo. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hugota kwenye milima na kumwaga mvua upande wa mashariki, kule Gonja, Mamba na Vunta. Yakishavuka kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, hayana tena cha kumpa mtu wa Same na Makanya. Ndiyo maana Wapare walijifunza mapema kuyafunga maji. Walijenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana, kila ndiva ikiwa na ukoo wake, wasimamizi wake na zamu zake. Nyingine, kama ile ya Manoo inayohudumia watu wa Bangalala, bado zinafanya kazi. Penye mfereji unaotoka kwenye ndiva palikuwa na mahindi, maharage na migomba. Palikuwa pia na miwa, na kwenye miwa ndipo ilipotoka dengelua.

Vijana wengi wa Same mjini wanalijua jina hilo, lakini hawajapata kuionja. Miwa humenywa, hukatwa vipande na kutwangwa kwenye kinu mpaka ilainike, kisha makapi hukamuliwa. Maji yale huchanganywa na mengine, hutiwa chachu, hufunikwa na kuwekwa mahali penye joto, mara nyingi karibu na jiko. Sukari ya muwa inachacha haraka, kwa hiyo pombe haichukui siku nyingi kuiva. Haingoji pia: ikilala kupita kiasi inakuwa siki. Pombe ya namna hiyo haifai kupakiwa wala kusafirishwa mbali. Inatengenezwa kwa ajili ya siku fulani, kwa watu waliokwisha alikwa, na inanywewa palepale kwa kata kutoka kwenye kibuyu au chungu.

Nani alialikwa? Hapo ndipo penye historia yenyewe. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyekusanya masimulizi ya wazee wa koo katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, anatuonyesha nchi iliyogawanyika katika tawala ndogondogo, kila moja ikishikiliwa na koo, matambiko na ushuru kwa mtawala. Ukikisoma kitabu hicho huku ukifikiria kinywaji, unaona pombe imekaa katikati ya mambo hayo. Mkwe mtarajiwa alipeleka dengelua pamoja na mbuzi wa mahari. Waliosaidia kulima shamba la jirani walimalizia kazi kwenye chungu chake. Waliopatanishwa na wazee walikunywa pamoja, mbele ya mashahidi.

Juu ya yote hayo walikuwako waliokwisha kufa. Katika koo nyingi za Wapare, fuvu la mzee lilifukuliwa baada ya muda na kuhifadhiwa mahali patakatifu pa ukoo, penye miti isiyokatwa. Huko ndiko ilikopelekwa nyama na pombe mvua ilipokawia au ugonjwa ulipokataa kuondoka. Sehemu ya kwanza ya dengelua haikuwa ya aliyeipika. Ilimwagwa chini.

Hayo ndiyo waliyoyakuta Wajerumani wawili, A. C. Enns na Johannes Ehlers, walipofika Upare Kusini mwishoni mwa mwaka 1903 na kufungua kituo walichokiita Friedenstal, huko Giti. Walikuwa Waadventista Wasabato, na kituo hicho ndicho chimbuko la kanisa hilo katika Tanzania. Walutheri wa misheni ya Leipzig walikuwa wamewatangulia upande wa kaskazini, Shighatini, tangu mwaka 1900. Walutheri walikemea ulevi tu. Wasabato walikataa pombe kabisa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiwa umekaa kanisani. Ndani ya boma la Mpare ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya Jumamosi na Jumapili.

Mtazame kijana wa Giti au Kihurio aliyekubali ubatizo miaka ile. Akikataa kata ya pombe, hawezi kuketi na baba zake wadogo shauri linapoamuliwa, kwa sababu shauri linafungwa kwa kunywa. Akitaka kuoa, upande wa mke unadai dengelua, na yeye hawezi kuipika wala kuinunua. Akiitwa kwenye shamba la jirani anakwenda, lakini jioni anaondoka wenzake wanapoketi, na anayeondoka jioni husemwa. Mvua ikikatika, ukoo unapeleka pombe kwa wazee waliolala na yeye hayumo. Ukame ukizidi, ni rahisi kujua lawama itamwangukia nani. Wazee hawakuwa wakitetea ulevi. Walikuwa wakitetea namna yao ya kumfunga mtu na watu wake, walio hai na waliokufa, na hawakuwa na kamba nyingine iliyo imara kama ile.

Wamisionari nao hawakuwa wakipigana na kinywaji tu. Ernst Kotz, aliyeishi miaka mingi katika vituo vya Upare Kusini, alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, vizuri kiasi cha kutoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1909. Mwaka 1922 akatoa Im Banne der Furcht, kitabu kinachoeleza mila za Wapare na kuyaona maisha yao kuwa yametawaliwa na hofu: hofu ya mizimu, ya uchawi, ya kukosea mwiko. Kwake yeye, pombe iliyomwagwa chini ilikuwa malipo kwa mizimu, na muumini aliyeigusa alikuwa amerudi utumwani. Kotz alichunguza kwa makini, na mengi ya Upare wa zamani tunayajua kwa sababu aliyaandika. Hata hivyo, nikimsoma naona alikuwa amekwisha amua. Aliona hofu kwenye kibuyu kilekile ambacho wazee waliona ndani yake undugu, na vyote viwili vilikuwamo.

Nani alishinda? Mwaka 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoteremka kufuata Pangani, misheni ya Kijerumani ya Wasabato ilivunjika na wamisionari wake wakaondolewa. Mzee wa ukoo alikuwa na kila sababu ya kutarajia kwamba mambo yangerudi yalivyokuwa. Hayakurudi. Waumini wa Kipare waliendelea kusali bila Mzungu wa kuwasimamia, na marufuku ya pombe ikabaki, safari hii ikishikwa na Wapare wenyewe. Katika maboma mengi ya Upare Kusini pombe ya mahari iligeuka fedha, na baadaye kreti za soda. Waislamu wa Kisiwani, Gonja na Usangi, ambao dini yao nayo inakataza pombe, walipitia mapatano ya namna hiyohiyo na wazee wao.

Wasabato hawakuishia kwenye pombe. Mafundisho yao yaliwataka pia waache kahawa na majani ya chai, katika milima ambayo kahawa ilikuja kuwa zao la biashara lililosomesha watoto. Ndiyo maana hadi leo ukikaribishwa katika nyumba ya Msabato wa Suji unaweza kuletewa kikombe cha mchaichai uliochemka vizuri, au maziwa. Maziwa ya mgando pia hayakuondoka mezani, hasa pembeni ya mpure, makande ya Kipare. Ni vinywaji vizuri, na vina heshima yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911, ikaifanya Same kuwa mji. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kupinga kodi ya mbiru, tukio ambalo Kimambo aliliandikia kitabu kizima. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1966 ilishughulikia gongo, na ile ya mwaka 1968 ikasimamia vilabu na saa za kuuza vileo. Bia ya chupa ikapanda mlima kwa magari. Machi 2017 Serikali ikapiga marufuku pombe kali za viroba. Katika mazungumzo yote hayo dengelua ilihesabiwa kuwa pombe ya kienyeji tu, kapu moja na gongo, kana kwamba maji ya miwa yaliyochacha siku moja na kitu kinachopofusha watu ni kitu kimoja. Naona huo ni uonevu kwa kinywaji na kwa waliokitengeneza.

Sitetei ulevi. Nimeona nyumba zilizobomolewa na pombe, na sina ugomvi na kanisa lililowaokoa watu. Ninachosikitikia ni kwamba ujuzi wenyewe unazikwa na wenye nao: ni muwa gani unafaa, chachu gani, dengelua imeiva lini. Nchi nyingine huandika mambo ya namna hiyo na kuyaweka kwenye makumbusho. Sisi tunangoja mzee afe.

Tena uzembe huohuo unaonekana kwenye kinywaji ambacho hakina ugomvi na dini yoyote. Tarafa ya Mamba Vunta, hasa Mamba Myamba, ni miongoni mwa sehemu zinazotoa tangawizi nyingi na kali katika nchi hii. Wakulima walijiunga katika ushirika, kiwanda kikajengwa, mbunge wa Same Mashariki Anne Kilango Malecela akakipigania kwa miaka, na mfuko wa hifadhi ya jamii ukaingia ubia. Bado gunia la tangawizi mbichi linateremka mlimani kwa bei anayoipanga mnunuzi mwenye lori. Kwenye duka la chini ya mlima mkulima huyohuyo ananunua chupa ya soda yenye neno tangawizi kwenye nembo yake. Katika vibanda vya stendi ya Same chai ya tangawizi inachemka tangu alfajiri, na hakuna hata karatasi inayomwambia msafiri kwamba zao hilo limelimwa kwenye milima iliyo nyuma yake.

Kila Agosti mikoa ya kaskazini huonyesha mazao yake kwenye viwanja vya Nanenane vya Themi, Arusha. Halmashauri ya Same huwa na mengi ya kuonyesha. Ningependa mwaka ujao ilete pia kinu, miwa ya bondeni na mzee mmoja anayejua dengelua hatua kwa hatua, hata kama maji yale hayataachwa yachache, yanywewe yakiwa bado matamu na Msabato na Mwislamu waliosimama pamoja. Na kwenye meza ya pili, tangawizi ya Mamba ndani ya chupa iliyofungwa Same.