Jumatano haiko siku ya tano

Mutu mwenye alijifunza Swahili kwetu huku, Goma, Bukavu ao Bunia, anahesabia siku za kazi. Siku ya kwanza ni lundi, siku ya pili ni mardi, hivyo mupaka siku ya tano, vendredi. Kisha inakuya siku ya posho, jina lenye linatoka wakati wa ukoloni, wafanyakazi walipokuwa wanapewa chakula ya juma. Nyuma yake, siku ya Mungu, ile wengine wanaita yenga.

Swahili ya vitabu, ile munasikia pia kwenye habari, inahesabu tofauti. Inaanzia nyuma ya Ijumaa, siku ya sala kubwa ya Waislamu: Jumamosi (mosi ni moja), Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya "ya tano". Ni kusema juma moja iko na "tano" mbili, tena zinafuatana!

Hapo njo watu wanapotea. Mama anaambiwa: "Leta mutoto kwa chanjo Jumatano." Anasikia "tano", anakuya siku ya tano. Amechelewa siku mbili, na kama kituo kinachanja mercredi tu, mutoto atangoja juma ingine. Kwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, toa mbili: tano toa mbili ni siku ya tatu. Alhamisi (siku ya ine) na Ijumaa (siku ya tano) inaomba tu kuzishika kwa kichwa. Na tangazo likitoka kanisani, uliza vizuri: kwenye Biblia "siku ya kwanza ya juma" ni siku ya Mungu, haiko lundi.

Saa nayo iko na mutego wake. Swahili inahesabu toka jua kutoka, kwa hiyo 7h ni saa moja ya asubuyi, na tofauti ni sita kila mara. Kama kwenye karatasi ya dawa wameandika 8h na 20h, ni saa mbili ya asubuyi na saa mbili ya usiku. Mwenye anaona 8 na kusema "saa nane" atakunywa dawa 14h. Usiseme saa peke yake. Ongeza ya asubuyi, ya muchana, ya magaribi ao ya usiku.

Kwa muganga, maneno haya yanatosha: "Samahani muganga, hiyo ni tarehe ngapi?" "Ni asubuyi ao muchana?" "Uniandikie tarehe, tafazali." Kisha rudilia jibu kwa maneno yako, yeye asikie: "Basi nitakuya siku ya tatu, tarehe 12, saa tatu ya asubuyi."

Ukipanga simu na ndugu wa Kinshasa, kumbuka wako nyuma yetu kwa saa moja. Huku ikiwa saa mbili ya asubuyi, kwake ni saa moja, na yeye pengine atakuambia "sept heures".