Albamu ya Tambi za Kuchemsha

Mwaka 1970 mchoraji wa katuni Seiichi Hayashi alipewa kazi ya kuchora jalada la santuri ya vijana wanne. Alichora mtaa wa kawaida wa mjini, na mtaani humo bango la duka lenye maandishi ambayo jicho haliwezi kuyakwepa: Yudemen, yaani tambi za kuchemsha. Bendi iliitwa Happy End, na albamu yao hiyo ya kwanza nayo iliitwa Happy End. Lakini wasikilizaji walilishika lile bango, na hadi leo Wajapani wengi huiita albamu hii Yudemen.

Jina la bendi nalo lina habari yake. Maneno ni ya Kiingereza, ila vijana hao waliyaandika kwa hiragana, herufi za mviringo ambazo mtoto wa Kijapani hufundishwa kabla ya nyingine zote. Kitu cha ugenini kilichovishwa nguo za nyumbani: ndivyo ulivyokuwa muziki wao pia.

Wakati huo roki ya Japani ilikuwa njia panda. Beatles walipiga katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, katikati ya mwaka 1966, na baada yao yakazuka makundi mengi ya vijana waliovaa sare na kuimba nyimbo walizotungiwa na watunzi wa kampuni za santuri. Kufikia 1969 wimbi hilo lilikuwa linakauka. Wapigaji waliotaka roki nzito waligeukia Kiingereza. Miongoni mwao walikuwa Haruomi Hosono, mpiga besi, na Takashi Matsumoto, mpiga ngoma, waliokuwa katika bendi ya Apryl Fool. Bendi hiyo ilitoa albamu moja tu, ikavunjika mwaka huohuo. Wawili hao wakaungana na Eiichi Ohtaki, mwimbaji aliyetoka mkoa wa Iwate, kaskazini-mashariki, kisha wakamwita mpiga gitaa Shigeru Suzuki, aliyekuwa bado na miaka 18 albamu ilipotoka.

Waliipenda sana bendi ya Kimarekani ya Buffalo Springfield, wala hawakuficha. Swali lilikuwa moja: je, muziki ule unaweza kuimbwa kwa Kijapani?

Msomaji wa Kiswahili atalielewa swali hili upesi kuliko wengi, kwa sababu Kijapani, kama lugha yetu, hupenda kumalizia silabi kwa irabu. Mwingereza akisema rock, ametumia pigo moja. Mjapani husema rokku, na sikioni mwake hayo ni mapigo matatu. Chukua mstari wa Kiingereza, weka maneno ya Kijapani yenye maana ileile, na utakuta nusu ya sentensi imebaki nje ya mlango.

Yuya Uchida alilijua tatizo hilo vizuri. Alikuwa mwimbaji na mlezi wa bendi, na pale Budokan alikuwa mmoja wa waliotumbuiza kabla ya Beatles kupanda jukwaani. Aliamini kwamba roki ya Japani ikitaka kufika duniani lazima iimbe Kiingereza. Hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye shabaha ya mbali, nami naiheshimu.

Vijana wa Happy End walijibu kwa kazi. Matsumoto, aliyekaa nyuma ya ngoma, ndiye aliyeandika mashairi karibu yote, na aliyaandika kama mashairi kweli: majira ya baridi, mvua ya Desemba, kijana aliye mbali na nyumbani wakati mwaka mpya unaingia. Ohtaki aliyachukua maneno hayo akayavuta, akayakata mahali ambapo msemaji wa kawaida asingethubutu, irabu moja akaiacha ielee juu ya gitaa zito la Suzuki hadi pigo lilipoikuta. Irabu zilizoonekana kuwa mzigo zikawa ndiyo nafasi ya sauti kupumulia. Kwangu mimi, huo ndio ugunduzi wa albamu hii.

Walirekodi Tokyo mwezi Aprili 1970. Agosti 5 santuri ikatolewa na URC, lebo ndogo iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa kuwauzia wanachama wake nyimbo ambazo kampuni kubwa ziliogopa kuzitoa. Jarida la New Music Magazine liliipa Yudemen nafasi ya kwanza katika tuzo yake ya roki ya Kijapani, na Uchida hakuridhika. Mwaka 1971 jarida hilohilo likawakalisha meza moja, yeye pamoja na Ohtaki na Matsumoto, wajadiliane. Mjadala huo umeingia katika historia ya muziki wa nchi yao.

Novemba 1971 Happy End wakatoa albamu nyingine, Kazemachi Roman, iliyo laini na iliyokomaa zaidi, ambayo toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliitaja mwaka 2007 kuwa albamu bora kabisa ya roki ya Japani. Mwisho wa 1972 bendi ikavunjika.

Ukiipata Yudemen, anza na wimbo wa mvua ya Desemba. Hata kama hujui neno moja la Kijapani, zifuate irabu zake.