Kanisa Lililotoka Boloko Bila Franga

Tarehe 12 Oktoba 1951, mfungwa mmoja alifariki katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alikuwa amefungwa kwa miaka 30. Alizikwa huko huko Katanga, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kijiji chake cha Nkamba, katika nchi ya Bas-Congo. Jina lake lilikuwa Simon Kimbangu.

Karibu miaka 30 baada ya kifo hicho, tarehe 6 Aprili 1981, hekalu kubwa lilifunguliwa Nkamba. Lina nafasi ya watu 37,000. Halikujengwa na misioni ya Ulaya, wala na shirika la wamisionari wenye ofisi Brussels au London. Wakaaji wa vijiji, wafanyakazi wa kiwango cha chini, mama wauza chikwangue na vijana wasio na kazi ndio waliobeba mawe na kutoa franga. Swali ambalo watu wengi wa makanisa mengine wamekuwa wakijiuliza ni rahisi: watu maskini namna hiyo walitoa wapi nguvu hiyo?

Jibu la waumini wenyewe ni fupi: maombi. Jibu hilo si la uongo, lakini historia yake ni ndefu, nayo inaanzia katika umaskini wenyewe.

Kimbangu alizaliwa Nkamba mwaka 1887. Alilelewa karibu na misioni ya Wabaptisti Waingereza ya Ngombe-Lutete, akabatizwa huko mwaka 1915, kisha akawa mwalimu wa dini kijijini. Mwaka 1918, wakati homa kubwa ya mafua ilipokuwa inaua watu katika dunia nzima, alisikia sauti ikimwita kuchunga watu wa Mungu. Alikataa. Historia ya kanisa inasimulia kwamba alikimbilia Kinshasa kutafuta kazi, akapata kazi, lakini mshahara haukuja. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nabii huyu aliijua shida ya kibarua kwa mwili wake kabla ya kuhubiri hata siku moja.

Ilikuwa miaka migumu kwa Wakongo wote. Kodi ililipwa kwa feza, na ili kuipata feza mtu alipaswa kwenda kwenye mashamba makubwa ya Wazungu, kwenye njia ya reli au kwenye viwanda. Machifu walilazimishwa kutoa vijana. Magonjwa yalikuwa yamepunguza watu vijijini. Ndipo tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, Kimbangu aliweka mikono juu ya mwanamke mgonjwa, akaomba, na mwanamke akapona. Habari ilienea kama moto wa kiangazi. Watu walikwenda Nkamba kwa maelfu. Wagonjwa waliondoka hospitalini, vibarua wakaacha mashamba, makatekista wa Kikatoliki wakaona watu wao wanapungua. Jambo moja liliwashangaza hata wamisionari: Biblia na vitabu vya nyimbo viliuzwa mpaka vikaisha.

Kimbangu hakuwafundisha watu kupigana na serikali. Alikataza hirizi, alikataza ndoa ya wake wengi, alikataza ngoma za ulevi. Lakini kwa watawala, watu walioacha kazi ili kwenda kuomba walikuwa hatari ya kutosha. Tarehe 11 Mei mwaka ule ule mtawala Léon Morel alikwenda Nkamba kuona mambo. Mwezi wa Juni askari walikuja kumkamata Kimbangu, akawaponyoka. Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe. Mahakama ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu tarehe 3 Oktoba 1921: viboko 120, kisha kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Huduma yote ya Kimbangu mbele ya watu ilidumu miezi michache tu.

Sehemu iliyofuata haizungumzwi sana, lakini ndiyo iliyolijenga kanisa. Serikali iliamua kuwatawanya wafuasi. Familia ziliondolewa kwao na kupelekwa mbali: Équateur, Kasai, Katanga, na mashariki. Kanisa lenyewe huhesabu wakubwa wa familia 37,000 waliohamishwa katika miaka ile yote, na ndiyo sababu hekalu la Nkamba lilipewa nafasi 37,000. Baadaye yalifunguliwa makambi maalum ya kilimo kwa ajili ya waliohesabiwa kuwa hatari. Moja lilikuwa Lowa, kando ya mto Lualaba, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Jingine lilikuwa Kasaji, upande wa Katanga.

Aliyepelekwa Lowa alipoteza nyumba, shamba, ukoo na lugha ya majirani. Hakuwa na padri wala pasta wa kumtetea, kwa sababu misioni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zilimhesabu kuwa muasi wa dini. Hakuwa na barua ya msaada kutoka ng'ambo. Alikuwa na jembe, wenzake, na maombi ya siri ya usiku. Mtu akiugua, wengine walilima kipande chake. Mtoto akizaliwa, wote walichanga. Wakoloni walidhani kwamba wanauzima moto. Kumbe walikuwa wanachukua kaa moja moja na kulipanda katika kila jimbo la Kongo.

Nyumbani Nkamba, mke wake, Mama Marie Muilu, ndiye aliyeshika kazi hiyo kwa siri, akiwa na watoto watatu wa kiume: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Hakuiona siku ambayo serikali ya Ubelgiji ililikubali kanisa, kwani ilikuja miezi minane baadaye, tarehe 24 Desemba 1959. Mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Kimbangu ulitolewa Elisabethville na kurudishwa Nkamba.

Hapo ndipo kanisa lilipotoka mafichoni, nalo halikuwa na kitu. Wakatoliki walikuwa na mashamba, matofali, magari, hospitali na masomo yaliyosaidiwa na serikali. Waprotestanti walikuwa na marafiki Uingereza, Marekani na Sweden. Wakimbangu walikuwa na watu tu. Tena walikuwa na haraka, kwa sababu watoto wao walikuwa wanafukuzwa kwenye masomo ya misioni kwa sababu ya dini ya wazazi. Wazazi walijenga vyumba vya masomo wao wenyewe, vya miti na nyasi kwanza, na mwalimu alikula alichopata. Leo masomo ya mkataba ya Kikimbangu yako katika majimbo mengi, na wanafunzi wengi wanaoyasoma si wa kanisa hilo. Mwanzo wake ulikuwa huo: mtoto aliyerudishwa nyumbani na daftari lake.

Kiongozi wa kwanza, Joseph Diangienda, alisimamia kanisa tangu 1959 hadi kifo chake mwaka 1992. Alikuwa amefanya kazi katika ofisi za serikali ya kikoloni, na alijua kupanga mambo. Mafundisho ya kufanya mtu mwanafunzi wa Kristo yaliwekwa katika maneno matatu ya Kilingala ambayo kila mtoto wa Kikimbangu anayajua: bolingo, mibeko, misala. Yaani upendo, amri, kazi. Neno la tatu linapaswa kuangaliwa vizuri. Makanisa mengi yanafundisha upendo na amri. Hapa kazi ya mikono iliwekwa kwenye mstari mmoja navyo. Mtu aliyeomba usiku kucha kisha akalala mchana wakati wenzake wanabeba mawe hakuhesabiwa kuwa ameomba vizuri.

Na zile amri zenyewe zilikuwa na hesabu ndani yake. Mkimbangu hanywi pombe, havuti tumbaku, haoi wake wawili, haendi kwenye dansi, hatafuti mganga. Mtu anaweza kuzicheka amri hizo, na wengi wanazicheka. Lakini chukua kibarua wa Kinshasa au wa Likasi anayepata mshahara mwisho wa mwezi: ondoa bia, ondoa sigara, ondoa nyumba ya pili, ondoa kuku na feza za mganga. Kinachobaki mfukoni si kingi, ila kipo. Kanisa lilijengwa kwa hicho kilichobaki.

Njia ya kukikusanya inaitwa nsinsani. Ni neno la Kikongo lenye maana ya kushindana. Siku ya Mungu, baada ya maombi na mahubiri, makundi yanapangwa: mababa, mamama, vijana, wakati mwingine mtaa na mtaa. Fanfari inapiga, filimbi zinalia, na watu wanapita mbele kwa mstari wakitupa walicho nacho. Kiasi kinahesabiwa na kutangazwa kwa sauti. Mababa wamepata kiasi fulani, mamama wamewapita. Basi mababa wanarudi. Fanfari inapiga tena. Ibada inaweza kufika jioni. Mgeni anayeona mara ya kwanza hudhani ni sherehe ya harusi.

Kwa njia hiyo vilijengwa vituo vya afya, hospitali ya Kimbanseke huko Kinshasa, masomo, na mwishowe hekalu la Nkamba, tangu 1976 hadi 1981. Msaada wa nje haukukosekana kabisa. Mwezi wa Agosti 1969 kanisa lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Duniani, kwenye mkutano wa Canterbury, Uingereza, na tangu hapo walimu na marafiki kutoka Ulaya walikuja. Lakini walikuta nyumba imeshasimama. Hata meza ya Bwana ilipangwa kwa namna hiyo. Ushirika Mtakatifu wa kwanza, tarehe 6 Aprili 1971, haukungoja ngano wala divai kutoka ng'ambo. Mkate ulitengenezwa kwa viazi, mahindi na ndizi, na kikombe kilikuwa asali iliyochanganywa na maji.

Nsinsani ina upande wake mchungu, na haifai kuuficha. Sadaka inayotangazwa mbele ya watu inaleta furaha, lakini inaleta haya pia. Mama aliyekuja na feza ya unga wa jioni anaweza kurudi nyumbani bila feza hiyo, kwa sababu kundi lake lilikuwa linashindwa. Watu wa nje wamelisema hilo miaka mingi, na ndani ya kanisa pia wapo wanaonung'unika. Feza ikiisha kutolewa, anayetoa franga 500 hana njia rahisi ya kuuliza ilikwenda wapi. Na katika wakati wa Mobutu, sheria ya mwisho wa mwaka 1971 ilipoacha nafasi rasmi kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu peke yao, kanisa lililotoka boloko lilijikuta liko karibu sana na mlango wa serikali. Makundi madogo ya maombi yaliyonyimwa haki wakati huo yalikuwa na sababu ya kukumbuka Lowa kuliko wakubwa wa Nkamba.

Baada ya mwaka 2001 ulikuja mgawanyiko katika familia ya Kimbangu juu ya uongozi. Mwaka 2021 uanachama katika Baraza la Makanisa Duniani ulikwisha, kwa sababu ya mafundisho juu ya Roho Mtakatifu na nafsi ya Kimbangu. Mambo hayo ni ya wanateolojia. Mkulima wa Luozi hakuacha kupeleka sadaka yake kwa sababu ya karatasi ya Geneva.

Umaskini wenyewe haukwisha, na hapo ndipo maneno ya ushindi yanapaswa kupunguzwa. Waumini wengi wa mwaka 1981 walirudi kutoka kwenye ufunguzi wa hekalu na kuingia katika nyumba zile zile za bati bovu. Uchumi wa Zaire ulianguka. Uporaji wa 1991 na wa 1993 ulimaliza viwanda na kazi za Kinshasa. Kanisa halikuweza kuzuia hayo.

Ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Kimbangu, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, alipoanzisha okestra ya Kikimbangu Kinshasa. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu. Fidla moja ilipita kwa wapigaji wengi, mmoja anacheza huku wengine wanangoja zamu yao. Uzi ukikatika na duka la kuununua halipo, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Wapigaji walikuwa wauzaji wa sokoni, mafundi wa umeme, watu wa kazi ndogondogo waliotembea kwa mguu kufika mazoezini jioni, wakianza kwa maombi.

Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa lote la Kongo. Ofisi na masomo vinafungwa, hata Lubumbashi, mji wa boloko lile. Huko Nkamba mahujaji wanavua viatu wakifika, tajiri na maskini, na kupanda mlima miguu mitupu. Na fanfari ikianza kupiga, makundi yanajipanga kwa ajili ya nsinsani.